Godoro la wa Kushoto

Karakana ya magodoro, 12 Januari

Wifi yangu,

Salamu zangu zipokee, na kama mikono yako yote miwili imeshika miwani ya mtu, ziache kwanza hapo mezani, utazichukua ukimaliza. Sisi huku hatujambo. Mama, huko kwake jirani nami, anaendelea vizuri, ni goti tu linalomsumbua akipanda ngazi. Mdomo wake hauna ugonjwa wowote, unafanya kazi kama zamani. Karakana nayo inakwenda. Wiki hii nimevisha upya viti kumi na vinne vya ofisi ya mawakili, na vumbi la sponji limenijaa puani hadi nikipiga chafya inatoka pamba.

Najua uliniambia, miaka mitatu iliyopita, kwamba sauti yangu hutaki kuisikia tena, ukaifungia na namba yangu. Ulisema nikiwa na neno niandike. Miaka yote hii sikuwa na neno. Leo ninalo.

Mdogo wangu amenipigia simu. Mumeo huyo, alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, kama alivyokuwa akifanya utotoni akiona damu. Amesema yale matibabu yamekubali, mimba imeshika, na kwenye skrini daktari ameonyesha mioyo miwili inayopiga. Hongera, wifi. Nilikaa juu ya gunia la mabaki ya sponji nikaanza kukuandikia.

Sasa nisikilize bila kukunja uso. Una miaka arobaini na moja, na mdogo wangu si kijana. Mapacha si mchezo. Mimi nina nyumba ya vyumba vitatu yenye mtu mmoja. Mwanangu wa pekee amehama, na simu yake inaita mpaka inakatika. Nakuomba mmoja. Nimlee mimi, ajue kuwa wewe ndiye mama yake, na likizo aje kwenu. Shangazi si mtu baki. Usinijibu kwa hasira. Nijibu tu.

Wifi yako wa magodoro


Duka la miwani, 3 Februari

Wifi,

Salamu zako nimezikuta mezani, nimezichukua. Mimi sijambo kiasi. Natapika asubuhi, natapika mchana, na mteja akiniletea miwani yenye mafuta ya uso wake natapika tena. Mwenye duka ameisogeza mashine yangu ya kusagia lenzi karibu na sinki. Mdogo wako hajambo. Siku hizi anatembea ndani kwa kunyata, utafikiri mimi ni yai. Mpe Mama pole ya goti.

Umeandika "yale matibabu", kama mtu anayezungumzia dawa ya kikohozi. Ngoja nikueleze. Ni sindano kumi na moja za tumboni, najidunga mwenyewe, dawa zenyewe zinakaa kwenye friji kando ya maziwa. Ni mayai tisa waliyonitoa, wakayakutanisha maabara na mbegu za mdogo wako, na siku ya tano wakanirudishia mimba changa mbili zilizokuwa nzuri. Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mara mbili za mwanzo hazikushika, nawe hukujua kwa sababu nilikataza usiambiwe. Vipimo vilisema wazi tatizo liko kwa nani. Sitakuambia. Muulize mdogo wako, akiwa na ubavu atakujibu.

Na sasa nikukumbushe jambo, maana naona barua yako imeliruka. Siku Mama alipotimiza miaka sabini, mpiga picha alipokuwa anatupanga, wewe ulisimama katikati ya uwanja ukasema kwa sauti ya mnadani: "Wenye watoto wakae mbele. Wewe huna wa kumpakata, simama kule nyuma utushikie mikoba." Nikaletewa mikoba sita. Watu walicheka, na mimi nilicheka, kwa sababu ningefanya nini? Kwenye picha naonekana paji la uso na kamba za mikoba. Tangu siku hiyo ukoo wenu mzima unaniita Mama Mikoba. Na picha yenyewe, nasikia, umeitundika karakana, wateja wanaitazama wakisubiri magodoro yao.

Kuhusu ombi lako, nimelisoma mara nne. Sijasema hapana. Tengeneza magodoro mawili ya vitanda vya watoto, yalingane kabisa. Andaa chumba. Mwambie Mama, waambie majirani, waambie na wateja. Nataka kila anayekufahamu ajue kwamba unasubiri mtoto.

Wifi yako wa miwani


Karakana ya magodoro, 20 Februari

Wifi yangu mpenzi, wifi yangu wa pekee,

Leo salamu hazitoshi, nakutumia na vigelegele. Hatujambo wote. Mama alipopata habari alisahau goti, akapanda ngazi mwenyewe kwenda kuwaambia wapangaji wa juu yake. Kisha akaniuliza huyo mtoto atanyonya nini. Nikasema maziwa ya kopo. Amenuna siku mbili.

Majirani nimewaambia wote, mpaka wale tusiosalimiana. Chumba nimekipaka rangi ya maziwa. Wateja wameanza kuniita Shangazi Pacha, na mimi naitika kabla hawajamaliza.

Magodoro tayari. Nimeyakata yote mawili kwenye bonge moja la sponji. Unajua sheria yangu: vitu vya jozi sivikati kwenye mabonge mawili, hata mteja akinipigia magoti. Kila bonge hulegea kwa namna yake, na baada ya mwaka utakuta mmoja analala juu, mwenzake amezama. Yakitoka bonge moja yanazeeka pamoja. Bonge lenyewe limebaki nusu, nimeliandika "si la kuuza".

Lile la picha, wifi, mbona ni utani? Mawifi tusipotaniana tutataniana na nani? Kulikuwa na mikoba na wewe ulikuwa umesimama. Wewe mwenyewe umeandika kwamba ulicheka. Tusilirudie, linatia doa furaha.

Nina swali moja tu. Yupi ni wangu?

Wifi yako, Shangazi Pacha


Duka la miwani, 1 Aprili

Wifi,

Salamu kwako na kwa Mama. Nimekawia kujibu, usiulize kwa nini. Nililazwa siku nne, sasa nimerudi kazini, naruhusiwa kukaa tu. Mdogo wako hajambo.

Umeuliza yupi wako. Kwenye skrini mmoja yuko kulia, mwingine kushoto. Wa kulia ana fujo, ameanza kunigonga kwa ndani kama mtu aliyesahau funguo. Wa kushoto ametulia. Huyo ndiye wako. Nakupa wa kushoto, na ninaandika haya kwa mkono wangu ili usije ukasema sikukupa.

Mshonee jina kwenye godoro lake. Mchagulie mwenyewe. Mfumie soksi. Na uniandikie kila utakachomfanyia, kirefu, usiruke kitu. Wa kulia usihangaike naye, ana watu wa kutosha wa kumtaja.

Wifi yako wa miwani


Karakana ya magodoro, 6 Mei

Wifi yangu,

Nakusalimu, na Mama anakusalimu. Goti limepoa. Barua yako nimeikalia wiki tano. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na kazi nyingi. Nilikuwa naisoma.

Umesema niandike kirefu. Jina nimechagua. Kwa kuwa wewe unasema ametulia, nimemwita Mtulivu. Nimelishona kwa uzi wa buluu kwenye pembe ya godoro, upande wa kushoto, herufi ndogondogo, na nimelishona kwa mkono kwa sababu cherehani ingelikimbiza. Kitanda chake kiko karibu na dirisha lakini nje ya njia ya upepo. Jua la asubuhi linafika kwenye mguu wa kitanda na kusimama hapo. Soksi amefuma Mama. Moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, na Mama anasema ni macho yake, nami nasema ni ubishi. Nimemnunulia kijiko. Kijiko chenyewe kina mpini mfupi, kinanikaa mkononi vibaya, lakini nimekipenda.

Mwanangu alipiga simu mwanzoni mwa Machi. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba nasubiri mtoto. Akaniuliza, "Mama, na huyo naye utamwambia asimame nyuma?" Nikakata simu. Kisha nikampigia, akapokea. Tuliyozungumza si ya barua hii.

Wifi, nifungulie simu. Kama hutaki, basi niandikie. Ukiwa na neno lolote, dogo au kubwa, niandikie. Mimi nipo, siendi popote.

Wifi yako wa magodoro


Duka la miwani, 14 Juni

Wifi,

Salamu ziko palepale mezani, chukua ukitaka. Mimi nimevimba miguu, navaa ndala za mdogo wako. Yeye hajambo.

Sasa soma ukiwa umekaa.

Hakuna mtoto wako. Tangu Januari hapakuwa na mtoto wa kukupa. Sindano zile zote, miaka ile yote, halafu nikate mmoja nikukabidhi wewe kama kipande cha sponji? Nilipanga hivi: uandae chumba, utangaze mpaka mtaa wa pili, na siku nitakayojifungua nikuandikie mstari mmoja tu. "Watoto wote wawili wamekaa mbele na mama yao, wewe simama nyuma." Mstari huo nilikuwa naurudia kimoyomoyo nikisaga lenzi. Ulikuwa mtamu, sitakuficha. Kuna siku ulinisaidia kuamka.

Tarehe ishirini na moja Machi nilikwenda kupimwa. Yule mama wa skrini alizungusha kifaa chake tumboni, akawa anaongea, kisha akaigeuzia skrini upande wake. Moyo wa kulia ulikuwa unapiga. Wa kushoto ulikuwa umesimama. Wiki ya kumi na saba. Daktari akasema mwenzake hayuko hatarini, wasubiri, huyu abaki humohumo mpaka siku ya kujifungua. Kwa hiyo ninao wote wawili. Ninatembea nao, ninakuja nao kazini.

Barua ya Aprili niliiandika nikijua. Nilipoandika kwamba ametulia nilijua ametulia vipi. Nilikupa maiti, wifi, nikakwambia uifumie soksi. Ndivyo ninavyokuchukia. Nilidhani nilikuwa nimeshafika mwisho wa kukuchukia siku ya mikoba, kumbe bado palikuwa na nafasi.

Na sasa sikia kinachoniudhi. Kliniki, muuguzi alipiga mstari mmoja juu ya neno "mapacha" kwenye kadi yangu, basi, akaita mwingine. Mdogo wako amekunja kitanda kimoja akakisimamisha nyuma ya mlango. Anasema tushukuru kwa huyu mmoja, na anasema vizuri, na nikimsikia natamani kumtupia kitu. Hakuna anayemtaja. Barua zako tu ndizo zilikuwa bado na watoto wawili ndani yake. Ile ya Mei niliisomea hapa kwenye mashine. Nilipofika kwenye kijiko nikaharibu lenzi ya mteja, ikabidi nianze upya.

Sijui kama nilikuacha uendelee ili nikukomoe, au ili angalau pawe na mtu mmoja anayemshonea jina. Chagua mwenyewe. Mimi nimechagua kukukomoa, ndilo ninaloliweza.

Haya, waambie majirani. Waambie wateja chumba ni kitupu. Sasa na wewe una mkoba wa kushika.

Wifi yako, Mama Mikoba


Karakana ya magodoro, 2 Julai

Wifi,

Mama hajambo, nami sijambo. Pole ya miguu. Ukikaa, iweke juu ya kiti.

Nilikuwa najua.

Mdogo wangu alinipigia tarehe ishirini na mbili Machi, siku ya pili yake, wewe ukiwa bado umelazwa. Safari hiyo hakucheka hata kidogo. Akaniomba nisifungue mdomo mpaka useme mwenyewe. Kwa hiyo barua yako ya Aprili ilinikuta ninajua. Nilisoma "wa kushoto ametulia, huyo ndiye wako" nikakitupa kisu cha sponji mpaka ukutani. Nilikasirika. Nilisema mwanamke huyu hana utu, amemchukua mtoto wake mwenyewe amemfanya fimbo ya kunichapia. Nikaandika kurasa tatu za kukuumbua mbele ya ukoo mzima, na ungeumbuka, kalamu yangu unaijua. Kisha nikarudi kwenye zile soksi. Mtu anayekomoa tu haombi soksi. Haombi aandikiwe kirefu bila kurukwa kitu. Nikazichana kurasa, nikatafuta uzi wa buluu.

Majirani niliwaambia zamani, mwezi huohuo wa nne, kwamba wangu amefariki. Walikuja, hata wale tusiosalimiana. Wamekaa sebuleni kwangu siku tatu. Kwa hiyo kama ulitaka nichekwe umechelewa, wifi. Na mimi nina kisirani changu, nikubali: nilinyamaza pia kwa sababu nilitaka kuona utaniburuza mpaka wapi. Umeniburuza mbali. Hata mimi nisingefika huko.

Lile la mikoba halikuwa utani. Nilitaka ujione mdogo, na ulijiona. Mwanangu alikuwepo siku ile, na hilo ni mojawapo ya yaliyomfanya asipokee simu zangu. Nilikukosea, na ninasema hivyo kwa wino. Picha nimeitoa ukutani, pamebaki alama ya mraba.

Sasa jambo langu. Barua yako ya tarehe moja Aprili ninayo hapa, nimeiweka kwenye kopo la sindano. Umeandika: nakupa wa kushoto. Umeandika kwa mkono wako, ukaeleza na sababu ya kuandika. Mimi sijakurudishia zawadi hiyo, na sitairudisha. Siku utakayojifungua mikono yako itajaa wa kulia. Mdogo wangu atakuwa anahesabu vidole vya wa kulia. Wauguzi watamchukua huyu mwingine, watamfunga kwenye kitambaa cha hospitali na kumweka pembeni, kwa sababu watadhani hana mwenyewe. Mwenyewe ni mimi. Nitakuwa nimesimama hapo.

Lile godoro ni kubwa mno kwake. Nitamkatia jingine kwenye bonge lilelile, nusu iliyobaki ipo, sikuiuza. Muulize daktari vipimo. Niandikie vipimo tu, mengine acha kama hutaki.

Shangazi yake Mtulivu


Duka la miwani, 9 Julai

Wifi,

Salamu. Miguu nimeiweka juu ya kiti.

Sijakusamehe. Usije na uso wa mtu aliyesamehewa, nitakuona tu. Nitakuchukia tena mtoto akianza kulala vizuri na nikapata nguvu. Simu nimeifungua, lakini usipige bado.

Upasuaji ni tarehe ishirini na moja Agosti, saa tatu asubuhi. Ndani anaruhusiwa mtu mmoja, na kwenye fomu nimeandika wewe. Huyo mdogo wako mropokaji atakaa nje kwenye benchi, atushikie mikoba.

Daktari aliuliza vipimo ni vya nini. Nikamwambia shangazi yake ni fundi. Urefu sentimita kumi na mbili, upana tano. Acha na nafasi ya soksi.

Wifi yako